Kemia Yenu Iwekewe Uzio

Kwa Mwenyekiti,
Idara ya Kemia.

Kutoka kwa Bishar Isaak, mfanyabiashara wa mifugo, Kitengela.

KUH: KEMIA KUINGIA MAHALI ISIPOALIKWA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na chupa zako zote. Sisi huku Kitengela tu wazima, isipokuwa mimi, na sababu ya mimi kutokuwa mzima ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Mimi si mtu wa kulalamika. Nimeuza mbuzi miaka ishirini, na muuza mbuzi akizoea kulalamika hurudi nyumbani na mbuzi wake. Lakini leo ni siku ya kumi na tisa tangu mama yangu mzazi, Mama Fartun, aache kusema nami, na mkosaji ni idara yako. Chai ikiiva humwambia mke wangu Fosiya, "Mwambie mtoto wa Isaak chai iko tayari." Isaak ni marehemu baba yangu. Nami huwa nimeketi hapo hapo, hatua mbili kutoka kwenye birika. Ukimsikia utadhani yeye hakuhusika kabisa na kuzaliwa kwangu.

Ili usije ukasema sikueleza, naanzia mwanzo. Mama huuza maziwa ya ngamia sokoni. Huyaweka kwenye vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, ambavyo sisi Wasomali huviita dhiil. Kila asubuhi, kabla ya kutia maziwa, hutia ndani makaa ya mti fulani, hufunika, hutikisa, huacha moshi ukae, kisha hupangusa. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo ndani ya vyombo kulikuwa kumeota ngozi nyeusi, nene. Mimi niliyekulia mjini nilijua ni masizi tu, na mbele ya wateja wenye magari nilikuwa naona haya kidogo.

Mwezi uliopita ikaja barua yenu yenye muhuri, kwamba mtafiti wa Idara ya Kemia atafika Jumanne kuchunguza vyombo vya maziwa vya Bi. Fartun. Sasa naomba tuhesabu makosa.

1. Hamkueleza mkemia hufanya nini. Sisi wananchi tunamjua mmoja tu, yule wa serikali, anayetajwa kwenye taarifa ya habari mtu akinyweshwa sumu. Nikasema basi, mama yangu anapelekwa mahakamani. Naye alikuwa Rombo, kumpa hongera binti wa dada yake aliyejifungua. Jumatatu nikafunga lango, nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria, nikaosha vyombo vyote kumi na kimoja. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Vikatakata, ungedhani ni vikapu vya dukani. Nilivianika juani nikavipiga na picha. Mama aliporudi jioni aliinua kimoja, akakinusa, akakirudisha chini polepole, akaingia chumbani kwake. Hiyo ndiyo siku ya kwanza kati ya zile kumi na tisa.

2. Mtafiti wenu, Daktari Mutheu Munguti, alifika Jumanne kama mlivyoahidi. Ni mwanamke mpole kutoka Machakos, mwenye viatu vya kupandia milima na begi kubwa kuliko yeye. Alimulika tochi ndani ya chombo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mzee Bishar," akaniambia, "mimi nilikuja kwa sababu ya huo weusi." Akanieleza kwamba moshi ule huacha kitu kinachozuia vijidudu vya kuchachusha maziwa, na kwamba ngozi ya miaka arobaini haipatikani kwenye maabara yoyote. Nakuuliza, Mwenyekiti, hii ni haki? Mtu anasafiri kuja kuona uchafu wa watu, na hakuna anayetuonya tusiusafishe?

3. Alipokosa cha kupima hakurudi kwao. Mkemia mwenye adabu angerudi. Huyu akauliza ni mti gani. Mti ni wa watu wa misitu, si wa kemia, hata mtoto wa darasa la tatu anajua. Wakaondoka yeye, Mama na Soipan hadi vilimani upande wa Kajiado, wakarudi na matawi, na majani yakabanwa ndani ya gazeti langu, kwenye ukurasa wa bei za mifugo ambao nilikuwa sijausoma.

Huyu Soipan huuza maziwa ya ng'ombe kwenye kibanda kinachotazamana na cha Mama. Hufukiza vibuyu vyake kwa oloirien, ule mzeituni wa porini. Kwa miaka kumi na tano wanawake hawa walisalimiana kwa kope tu, biashara ni biashara. Sasa wanabishana kutwa nzima. Mama humwambia, "Mti yako moshi yake kali, inakimbiza ladha ya maziwa." Naye Soipan, "Yako ndio haina nguvu, mama. Ngoja siku tatu tuone ya nani itaganda." Kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega. Yaani Mama anaongea na mshindani wake wa miaka kumi na tano, na mimi bado ni mtoto wa Isaak.

4. Historia. Hapa mlivuka mpaka kabisa. Daktari alimwuliza Mama vyombo vilitoka wapi. Mimi nimemwuliza Mama mambo ya zamani maisha yangu yote, na jibu lake ni moja, "Sikumbuki, kula chakula." Kumbe anakumbuka. Alieleza kwa saa tatu, Fosiya akitafsiri pale Kiswahili kilipomwishia. Alisema ukame wa mwaka wa themanini na nne uliwamalizia mifugo huko Wajir, wakapanda lori la kwenda Isiolo, na mimi nikazaliwa njiani, juu ya magunia. Mama hakuwa na maziwa kifuani. Kulikuwa na chombo kimoja tu cha maziwa ya ngamia, alichosukiwa na mama yake. Maziwa yale yalikaa siku nne katika joto lile bila kuharibika, naye akawa ananitonea kinywani kwa ncha ya kidole.

Daktari akauliza chombo hicho kiko wapi. Mama akakionyesha. Kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, kinang'aa. Nilikikumbuka vizuri, maana kilinisumbua kuliko vyote na nilikisugua mara mbili. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, nikatoka nje nikijifanya napokea simu, na simu yenyewe haikuwa na chaji. Sasa niambie, Mwenyekiti, mtafiti wenu angebaki kwenye kemia yake, mimi ningejuaje kwamba niko hai kwa sababu ya ule uchafu? Ningekuwa nimekaa raha mustarehe na ujinga wangu.

5. Nyumba yangu imechukuliwa. Fosiya amepewa daftari, na friji yetu ina chupa zenye vibandiko, za moshi wa Mama, za moshi wa Soipan na zisizo na moshi. Anazionja, anazinusa, anaandika saa. Nikiomba maziwa ya chai naambiwa, "Hiyo ni sampo, usiguse. Wacha iharibike kwanza." Ni nyumba gani nyingine Kenya hii ambamo maziwa husubiriwa yaharibike? Tena jirani yetu Musila, mkata mawe wa kule machimboni, alisikia kuna daktari akaja. "Daktari, hii vumbi ya mawe pia unaeza pima? Kifua inanisumbua." Badala ya kumwambia vumbi si maziwa, aliandika jina lake, akaahidi kuleta mwenzake wa mapafu na mwingine wa miamba. Wa miamba! Kwa mwendo huu, kabla ya mvua za Aprili chuo kizima kitakuwa kwenye ua wangu, na mbuzi watakaochinjwa ni wangu.

6. Kosa langu limeitwa bahati. Daktari alisema, tena kwa furaha, kwamba vyombo vilivyooshwa vitamwezesha kupima ngozi ile inavyoanza kujijenga tangu siku ya kwanza. Akasema jambo hilo halijawahi kupimwa hapa kwa sababu hapajatokea mtu wa kuviosha. Fosiya alicheka hadi akatoka machozi. Mama hakucheka.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nikimtoa ng'ombe Kajiado kumpeleka kaunti nyingine, lazima niwe na karatasi ya daktari wa mifugo, kibali, na maelezo ya kuwaridhisha polisi wa kizuizi cha barabarani. Ng'ombe mmoja, asiye na neno na mtu. Lakini kemia yenu inatoka maabara asubuhi, inaingia jikoni, inapanda hadi msituni, inashuka kwenye historia ya ukoo, inalala kwenye friji yangu, na hakuna aliyeisimamisha njiani kuiuliza inakwenda wapi. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo mawili.

La kwanza, kemia iwekewe uzio. Mtafiti akitaka kutoka aombe kibali, aandike anaenda kwenye somo gani na atarudi saa ngapi, na akipatikana akimwuliza mama wa mtu habari za zamani arudishwe mara moja.

La pili, na hili ndilo linaloniuma, naomba idara yako itoe barua rasmi yenye muhuri, ikitamka kwamba ule weusi ulikuwa uchafu, na kwamba mwana aliyeuondoa alifanya vizuri. Msiandike mengi. Mama anaheshimu sana muhuri. Najua Daktari Mutheu amesema kinyume, lakini yeye ni mmoja na nyinyi ni idara nzima, hamwezi kukosa mtu wa kutia sahihi. Sitaki kushinda kesi. Nataka tu mama yangu aniite jina langu kabla hatujazeeka wote wawili.

Nisalimie walimu wote wa idara, waosha chupa (nawahurumia, sasa najua kuosha kuna hatari zake), dereva aliyemleta Daktari na kukataa kushuka kwa kuogopa ngamia, na bawabu wa lango lenu, ambaye naona ndiye pekee hapo chuoni anayeelewa maana ya mpaka.

Wako mwenye adabu licha ya yote,

Bishar Isaak

N.B. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, nami nimechana bahasha ili niongeze haya.

Leo asubuhi nilichukua kile chombo cha tatu, nikaenda nacho nyuma ya nyumba, nikajaribu kukifukiza mwenyewe. Nilitia makaa mengi, na ukingo ukaanza kuungua. Nikiwa nakohoa nilisikia nyuma yangu, "Bishar, unachoma chombo. Punguza moto." Alininyang'anya, akamwaga makaa nusu, akafunika, akanirudishia mikononi na kunionyesha namna ya kutikisa. Tulikaa hapo mpaka moshi ukatulia. Nilimwambia nisamehe, Mama. Akasema natikisa kama mtu anayefukuza nzi.

Kwa hiyo usitume ile barua ya muhuri, tafadhali. Ikiwa mmekwishaiandika, ichomeni. Daktari Mutheu aje Jumatatu, na asije peke yake. Mama ana maswali kuhusu miti ambayo kemia haitayaweza, kwa hiyo mwongezeeni wa misitu, na wa historia, na yule wa mapafu kwa ajili ya Musila, na wa miamba pia kama ana nafasi. Mbuzi nimeshamtenga. Mama ameniambia kesho nilete kuni, na ameniambia mimi mwenyewe, Fosiya akiwa sokoni.