Mkaa wa Bwana Akida

Ifahamike kwa watu wote, kuanzia Ruaruke hadi Mbwera, kwamba mwaka ule wa Maji Maji Serikali ya Mjerumani ilitukirimu Kanuni ya Mpira: kila nyumba ilete ratili tano za mpira wa mbungo kwa mwezi, la sivyo mtu wake mmoja atatunzwa kwenye mnyororo. Mimi mjane, nyumba yangu ina watu wawili. Wakamtunza mwanangu Kondo.

Mibungo ya msitu wa karibu ilikwisha kukamuliwa utomvu. Nikapata ratili tatu. Basi nikachoma makapi ya mpunga, mkaa wake nikautwanga, nikasema Bismillahi, nikauchanganya na utomvu. Likatoka donge la ratili tano kamili, jeusi kama mgongo wa chungu. Nikalipeleka barazani.

“Bi Tatu, nini hii?” akauliza Akida Mwinyimvua, mkusanyaji wa Serikali.

“Mpira, Bwana Akida. Umevaa kaniki tu.”

Baraza zima likacheka, yeye hakucheka. Akaitisha Kikao cha Uchunguzi wa Weusi. Donge langu na donge jeupe lisilo na mkaa yakasuguliwa kwenye ukuta wa boma tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Jeupe likabaki kama kokwa. Langu lilikuwa vilevile.

“Nimegundua,” akasema Akida, na karani akaandika kwamba Akida amegundua. Kuchanganya mpira na mkaa wa taka za mimea kukawa sheria, ratili zikawa kumi. Kondo akabaki mnyororoni, maana zile tano zangu zilikuwa za sheria ya zamani.

Baada ya wiki mbili, makapi yakaisha nchi nzima. Nikaenda barazani, nikapiga goti.

“Bwana Akida, amri inasema mkaa wa taka za mimea. Taka ni ipi, tusije tukakosea?”

“Mwanamke mzima hujui taka? Mmea usioliwa na watu ni taka. Karani, andika!”

“Na wachomaji, bwana? Wanaume wako mnyororoni.”

“Wafunguliwe! Nataka magunia mia kabla Bwana Mkubwa wa Kijerumani hajaja. Piga muhuri.”

Tukatii. Muhogo unaliwa, tukaupita. Mpunga unaliwa, tukaupita. Tukafika shamba la pamba la Serikali, tulilolimishwa kwa kiboko. Tukaionja kwa haki kabisa. Kondo aliitafuna muda mrefu, akaitema.

“Mama, hii taka.”

Tukaing'oa yote, tukachoma.

Bwana Mkubwa alikuja na wapagazi arobaini kuchukua pamba yake. Akakuta magunia mia ya mkaa, na karatasi yenye muhuri.

“Nani katoa amri hii?”

Karani akasoma jina, kwa sauti nzuri.

Mnyororo wa Kondo ulikuwa bado pale nguzoni. Ulibana kidogo, kwa kuwa shingo ya Akida imeshiba kuliko ya mwanangu. Lakini kanuni ni kanuni. Akatunzwa.