Msalaba Usiokaa Katikati

Jumatatu, 8 Agosti 2005

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima, na kafe ya kompyuta ya Bwana Chrispin nyuma ya stendi imejaa watu wasioshika jembe. Nimeshinda humo nikipigwa risasi.

Peniel, kapteni wetu wa gemu, katangaza kwamba Jumamosi vijana wa Manyoni wanakuja na mbuzi. Nasi tutoe wetu. Mshindi anaondoka na wote wawili. Wachezaji ni watano. Sisi tuko sita. Atakayebaki nje ni mimi au Redempta, binti anayekamua alizeti kwenye mashine ya mama yake.

Nyumbani Mwankoko nimeshawaambia wote kuwa mimi ndiye tegemeo la timu. Dada Selina ameomba ruhusa kazini aje kunitazama.

Nimefikiri njia nzima. Tatizo si mimi. Tatizo ni msalaba, ule mchoro mdogo katikati ya kioo unaoonyesha risasi itakwenda wapi. Wangu ni mkubwa mno. Adui anajificha nyuma yake.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeupunguza. Ukawa mdogo kama chawa. Niliutafuta, na nilipouona nilikuwa nimeshakufa. Nikaupaka kijani, tukapelekwa uwanja wenye majani. Nikaupaka manjano, tukapelekwa jangwani. Peniel akaniuliza kama nimekuja kucheza au kupaka rangi nyumba. Wakacheka wote isipokuwa Redempta. Hilo ndilo limenitia wasiwasi zaidi.

Mpango: kuiba msalaba wake.

Jumatano, 10 Agosti

Nilisimama nyuma ya kiti cha Redempta, kalamu mkononi, nikachora msalaba wake kwenye kiganja. Kabla sijafika kwenye mashine yangu jasho lilikuwa limeufuta. Nikarudi. Akageuka, akaniuliza kama nina shida. Nikasema natazama saa ya ukutani. Ukutani hakuna saa.

Lakini nimeuona. Ni ule ule unaokuja na gemu. Haujaguswa hata kidogo. Mtu hawezi kulenga vile kwa kitu kisichoguswa. Kuna jambo anaficha.

Nyumbani nilikaa uani nikilalamika peke yangu kwamba msalaba wangu haukai katikati, nikikimbia unatawanyika. Mama akasikia. Jioni nikamkuta Mzee Yohana wa kanisani sebuleni. Nikampa shikamoo. Akaniombea kwa muda mrefu, akasema kila kijana msalaba wake humlemea, nisikate tamaa. Nikaitikia amina.

Ijumaa, 12 Agosti

Mchana umeme ulikatika. Uliporudi, mashine zote zilikuwa zimesahau kila kitu, pamoja na msalaba niliouhangaikia wiki nzima. Nilitaka kulia. Hapo ndipo akili ilipofunguka.

Nilichukua rangi ya kucha ya Dada Selina, nyekundu. Nikapima kioo cha mashine namba nne kwa uzi, nikaweka doti katikati kabisa. TANESCO na umeme wao hawawezi kuifuta doti hiyo. Bwana Chrispin hakuona.

Nimeua watatu mfululizo! Peniel akasema basi, Manase atacheza, Redempta awe wa akiba. Redempta akachukua mkoba wake, akaaga kila mtu kwa jina, hata mimi. Tangu hapo sijisikii vizuri. Labda ni njaa.

Jumamosi, 13 Agosti

Manyoni wamefika, mbuzi wao wamemfunga kwenye nguzo. Kapteni wao, Clement, kijana wa pale stesheni ya reli, akataka mashine zigawanywe kwa kura ili haki itendeke. Vikaratasi vikawekwa kwenye kofia. Mimi nikapata namba saba. Namba nne akaipata Clement.

Nikamnong'oneza kwamba namba nne ina shoti ya umeme. Akajibu kwamba kwao zote zina shoti, wamezoea.

Alituchinja. Wenzake walipomsifu, akasema kwa unyenyekevu kwamba mashine yenyewe ni nzuri, ina kidoti. Bwana Chrispin akaja, akakikwangua kwa ukucha, akanusa. Dada Selina alikuwa mlangoni. Aliitambua rangi yake mbele ya watu wote.

Peniel akaniinua, akamketisha Redempta. Redempta hakugusa chochote, alianza kucheza tu. Akatuvuta taratibu hadi tukakaribia kuwafikia, lakini muda ulikuwa umetutupa. Tulishindwa kwa raundi moja. Mbuzi wetu amekwenda Manyoni akilia njia nzima ya kwenda stendi.

Nikabakizwa kusafisha kioo. Redempta akabaki kunisaidia, bila kuombwa. Nikashindwa kuvumilia, nikamsihi aniambie siri yake. Akaweka kitambaa chini.

“Manase, wewe unautazama msalaba. Mimi namtazama mtu.”

Kisha akasema Jumanne, akimaliza kukamua, anaweza kunifundisha. Nikamshukuru kwa moyo wote. Sijawahi kuambiwa jambo la maana namna hiyo.

Jumapili, 14 Agosti

Nimelitafakari neno la Redempta ibada nzima. Anamtazama mtu. Anamtazama kwa kitu gani? Kwa macho. Na mbele ya macho yake kuna nini? Alipofungua kitabu cha nyimbo kwenye kwaya, nikaona.

Miwani!

Siku zote nilitazama kioo cha kompyuta, kumbe kioo chenyewe kiko usoni kwake. Nilipotoka kanisani nilimwambia mazoezi ya Jumanne sitaweza. Jumanne ni siku ya kliniki ya macho hospitalini, na foleni yake lazima uiwahi.

Shida iliyobaki ni kwamba macho yangu ni mazima. Nimebandika kalenda ukutani, najizoeza kushindwa kuisoma. Mama kapita, kaniuliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia sioni. Akakaa chini.

Naendelea vizuri. Ila zile herufi kubwa za juu bado naziona.