Khabari za Bwanaheri wa Dunda na Uteuzi wa Vibao vya Jeki

Sogeeni, enyi watu wa Dunda na Kaole, mlio na shughuli na msio na shughuli. Zimeni simu zenu, mwambieni muuza kahawa apunguze kugonganisha vikombe, kwa maana nawaletea khabari nzito ambayo babu zetu hawakubahatika kuisikia. Wao walihadithiwa vita vya mizinga na masultani waliopinduana. Mimi, kwa idhini ya Mola aliyeitandaza ardhi, nawasimulia jinsi Bwanaheri bin Mohamedi, simba wa Dunda, mshika usukani asiyetetereka, mstaafu wa bandarini, alivyotoka kwenda kuchagua vibao vya kuwekea jeki chini ya gari lake, na akarudi hai.

Gari lenyewe halikuwa gari hivi hivi. Lilikuwa gari-nyumba, lenye kitanda, jiko, sinki na pazia la maua, lililovuka bahari kutoka ng'ambo likiwa limekwisha kuzeeka kidogo, kama bwana wake. Chini ya tumbo lake lilikuwa na jeki, miguu ya chuma iteremshwayo ardhini kila gari linaposimama, ili nyumba ikae sawa, chai isimwagike na mlalaji asibingirike. Watu wa mtaani waliliita Kontena. Bwanaheri aliliita Fahari ya Pwani, na kwa kuwa ndiye aliyelinunua, tarehe, yaani historia, imelazimika kumfuata yeye.

Wala hakulinunua kwa majivuno matupu. Majivuno yalikuwapo, ila yalikuwa na sababu. Mkwewe, Bi Tabia, mama mzazi wa mkewe Zaina, alikuwa na nyonga mbovu isiyostahimili kiti cha basi, na dada yake wa pekee, Bi Sabiha, alikuwa Pangani, mgonjwa, hatoki ndani. Kila Ijumaa mabibi hawa walizungumza kwa simu, na Ijumaa moja Bi Sabiha akasema, "Tabia, njoo tuonane kwa macho, tusije tukaonana kwa fatiha." Bi Tabia aliiweka simu mkekani, akaketi akiitazama hadi Alasiri. Ndipo Bwanaheri aliposimama katikati ya ua, akaapa mbele ya mke, majirani na kuku kwamba yeye, kwa mikono yake miwili, atamfikisha mkwewe Pangani akiwa amelala kitandani, na njiani atapumzishwa kila nyonga itakapotaka.

Siku ya majaribio wakaliendesha gari hadi kiwanja chao cha Kaole, penye minazi na mchanga mwororo. Jeki zikateremka kwa ngurumo. Baada ya chakula cha mchana Zaina akampandisha mama yake kitandani, na Bwanaheri, kwa adabu impasayo mtu mbele ya mkwe, akaketi nje akilinda mlango, kifua mbele, kana kwamba Wareno wako njiani. Adui hakutoka baharini. Alitoka chini. Jeki ya nyuma ilianza kudidimia mchangani, taratibu, bila haya, na gari likainama upande mmoja. Sufuria ya mchuzi ikateleza, ikamkosa Zaina, ikaangukia kapu la viatu, na Bi Tabia akabingirika hadi ukutani. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Bwanaheri!"

"Labeka, mama!"

"Nyumba yako inarukuu. Imamu wake yuko wapi?"

Alipokwisha kuteremshwa na kupewa maji, Bi Tabia akasema, kwa upole unaouma kuliko matusi, kwamba hatalala tena katika nyumba inayorukuu, na kwamba kama hapana njia nyingine, basi atamwombea dada yake dua kutokea hapa hapa Bagamoyo. Akageuza uso. Zaina aliona mama yake akipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chini.

Loo! Neno lile lilimpenya shujaa hadi kwenye mifupa. Akainua mkono, akahutubia nchi: "Ewe mchanga wa Kaole, uliyemeza nyayo za wafalme, leo umethubutu kumeza jeki yangu! Sikiliza basi: sitakunywa kahawa barazani mpaka nimekuvunja kiburi!"

"Baba Naila," akasema Zaina, "mchanga hauna masikio. Tafuta kitu cha kuweka chini ya hizo jeki."

Vita vikaanza. Katika pambano la kwanza jemadari wetu aliteka kibao cha Zaina cha kukatia nyama, akakitanguliza mbele ya jeshi. Kikapasuka vipande viwili, na kwa siku kadhaa Bwanaheri alikula wali mtupu, kwa maelezo kwamba nyama haikuwa na mahali pa kukatiwa. Katika pambano la pili alitembea hadi karibu na magofu, akaliona jiwe moja pana, bapa, lililotulia peke yake kama lililomngojea yeye tangu enzi za Washirazi. Alikuwa ameinama kulikumbatia aliposikia mlinzi akikohoa nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, hilo ni kaburi la mtu."

Bwanaheri akasoma fatiha pale pale, akiwa bado ameinama, akaondoka kwa heshima zote za kijeshi.

Ndipo akaazimia kwenda dukani, jambo ambalo watu wa kawaida huanza nalo. Akafika Dunda na Zaina pembeni, kwenye duka la spea la Muzammil, mfanyabiashara mwenye subira ya ngamia.

"Karibu, mzee. Unatafuta nini?"

"Silaha," akajibu Bwanaheri.

Muzammil akatandaza mezani vibao vya namna tatu: vya plastiki, rangi ya chungwa, vinavyopachikana kimoja juu ya kingine, vya mpira mweusi, vidogo kama sahani ya kashata, na vya mpira mweusi, vipana kama sinia la pilau, vinene, vyenye kamba ya kushikia, kama vile watumiavyo watu wa magari ya winchi. Bwanaheri akavikagua kama kadhi anayepima mashahidi. Akavigonga kwa kidole na kutega sikio. Akavinusa. Akakikalia kimoja, akafumba macho, akaulizia nchi kilikotoka na tabia za watu wa huko. Wateja wengine walikuja, wakanunua, wakaenda zao. Adhana ya Adhuhuri ikaadhiniwa, duka likafungwa, likafunguliwa.

"Chukua vile vipana," akasema Zaina.

"Mama Naila, mambo ya vita hayaamuliwi kwa papara."

Akachagua vya rangi ya chungwa, kwa hoja ambayo hakuna mwanazuoni aliyeweza kuipinga: vilifanana na mstari ulio ubavuni mwa gari.

Mchanga wa Kaole haukujali mstari. Cha kwanza kilizama kama mkate kwenye chai, cha pili kikapasuka kwa mlio uliowarusha kunguru minazini, na Fahari ya Pwani ikarukuu tena, safari hii ikikaribia kusujudu. Bwanaheri akaketi juu ya ndoo. Sitaficha, kwa maana mwandishi wa tarehe hapaswi kuficha: simba alikuwa karibu kulia. Asubuhi ile ile Pangani walikuwa wamepiga simu kusema Bi Sabiha ameanza kukataa uji.

Bi Tabia aliyaona hayo. Akainuka kwenye kiti chake, akaanza kuja kumfariji mkwewe, lakini bakora yake ikazama mchangani, akayumba. Akaichomoa, akaiegemea tena, ikazama tena. Akaguna, akavua kandambili moja, akaitupa chini, akaisimamisha bakora juu yake. Bakora haikuzama. Akasimama pale, mguu mmoja mtupu, akasema, "Mwanangu, usijitese. Mungu anajua nia yako."

Lakini Bwanaheri hakusikia faraja. Alikuwa akiitazama kandambili. Akainuka juu ya ndoo kama mtu aliyeteremshiwa ilhamu, akapaza sauti: "Upana! Siri ni upana! Nimeigundua!"

"Hongera," akasema Zaina. Hakuongeza neno, na ndoa nyingi zimesimama juu ya maneno yasiyoongezwa.

Muzammil alipomwona akirudi akauliza kama vile vya plastiki vilikuwa na kasoro.

"Havikuwa na kasoro," akasema Bwanaheri. "Vilikosa moyo. Nipe vile vipana, ambavyo tangu mwanzo nilivikusudia."

Basi siku ya ushindi ikapambazuka. Vibao vipana vikalazwa mchangani, kimoja chini ya kila jeki, na Bwanaheri akakishika kila kimoja kwa kamba yake akikisogeza huku na huku, jasho likimtiririka, akikiita kwa majina ya mashujaa. Jeki zikateremka. Mchanga ukasukumwa, ukanung'unika, ukashindwa. Zaina akaweka pimamaji juu ya meza ya ndani, wote wakaduwaa wakikitazama kile kipovu cha ndani yake kikienda, kikirudi, kikisita. Kisha kikatulia katikati, kama mtu mzima aliyepata kiti chake. Bi Tabia akapandishwa kitandani. Akalala chali. Akalala ubavu. Hakubingirika.

Bwanaheri akapanda juu ya ndoo, akasafisha koo. "Enyi mlioshuhudia! Leo tarehe ya pwani imegawanyika sehemu mbili, kabla ya vibao na baada ya vibao—"

"Bwanaheri!"

"Labeka, mama!"

"Mbona hatuondoki?"

Kwa hiyo jeki zilizoteremshwa kwa utukufu zikapandishwa kwa haraka, vibao vikang'olewa, vikakung'utwa mchanga na kupakiwa, na msafara ukaondoka. Walipumzika kwanza kando ya barabara, jeki juu ya vibao, Bi Tabia akinywa chai bila kumwaga tone. Wakapumzika tena njiani kila nyonga ilipoomba, na kila mara Bwanaheri aliwaeleza wapita njia ambao hawakuuliza.

Pangani, Bi Sabiha alikuwa mwepesi kama kanga iliyoanuliwa. Dada mtu akaingia. Walishikana nyuso tu, wakacheka, wakalia. Kisha Bi Sabiha akataka kukiona hicho kitanda cha safarini. Wajukuu wakambeba hadi ndani ya gari, lililosimama uani sawa kabisa, na mabibi wawili wakalala ubavu kwa ubavu, kama walivyolala utotoni, wakiongea kwa pamoja bila mmoja kumsubiri mwenzake. Bi Sabiha akaletewa uji. Akanywa.

Nje, mbele ya ukoo mzima wa Pangani uliokusanyika kwa ajili ya chakula, Bwanaheri akaipata ndoo nyingine, akapanda, akaanza: "Enyi watu wa Pangani, kulikuwa na mchanga—"

Ndani ya gari Bi Sabiha akainua kichwa. "Tabia, nani huyo anayehutubia?"

"Mkwe wangu," akasema Bi Tabia. "Mwache. Ameweka gari sawa."