Msiba wa Mzee Telesphory

Jumatatu, 3 Machi
Video ya yule mchekeshaji imerudi kwenye kundi letu la WhatsApp, la waanika dagaa wa Kibirizi. Anaziba pua, anasema mwanamke wa dagaa mshenga wake ni paka. Na wenzangu wanacheka! Nikaandika aya tatu za moto kuhusu utu wetu. Jibu likaja moja tu: Angelina, olewa kwanza. Aliyeandika ni mama yangu mzazi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Laini mpya, picha ya mibuni, jina Mzee Telesphory, mkulima wa kahawa wa Kalinzi. Mgane, ili nisiulizwe habari za mke. Nikamwingiza kundini kama mteja wangu wa dagaa. Akabandika aya zangu zilezile, sikugusa hata nukta. Shikamoo zikamiminika! Aliyetuma video akaomba radhi. Mama akanishauri nijifunze kuongea kama yule mzee. Nimeshinda, lakini naona haya.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mama kamfuata mzee pembeni kwa ujumbe wa sauti, mrefu. Anasema tangu baba afariki hakuna aliyemuuliza anawaza nini. Nimeusikiliza chooni, nikalia. Mimi, mtetezi wa wanawake, sijawahi kumuuliza. Kazi yangu kumhutubia. Kisha anataka kumpelekea samaki, migebuka, huko Kalinzi. Nikajibu upesi kuwa mzee yuko safarini, Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mama kafurahi kweli. Mjomba Assani si anaishi Kalemie? Atampokea bandarini.

Ijumaa, 7 Machi
Mjomba kashinda bandarini, anauliza kila mzee anayeshuka. Sina jinsi. Nimemuua Telesphory. Homa ya ghafla, kazikwa hukohuko.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Nilikuwa na hotuba. Nani aisikie? Kundi zima liko kwetu Katubuka, linamlilia mwanamume ambaye hakuzaliwa. Mama kaomba zisomwe zile aya tatu. Zikasomwa, wakalia upya. Akanishika mkono, akasema laiti ningepata mume mwenye maneno kama yale. Nikafungua mdomo niseme ni yangu. Nikauliza kama chai inatosha. Sijawahi kujidharau hivi.

Jumapili, 9 Machi
Mama hali chakula. Niliapa kumwambia kila kitu, nikakaa naye mkekani. Akasema mambo aliyokuwa akimwambia marehemu, sasa hana wa kumwambia. Magoti yetu yalikuwa yanagusana. Neno lilikuwa moja tu: niambie mimi. Nikaona haya, nikatoka nje.

Nikasajili laini nyingine. Mzee Adolf, mdogo wa marehemu, kaingia kundini kushukuru waombolezaji. Mama kamjibu shikamoo, kisha kaomba uji.

Safari hii sikosei. Huyu nimempa mke.