Saa ya Mkubwa

Mwanarusi alikuwa bado anapanga vikombe vya chai ya mchana tulipomwona Dakika anakuja upande wetu, mikono mfukoni. Mtu wa kiwanda cha soksi akionekana hapa kibandani kabla king'ora cha lunch hakijalia, ama amefiwa ama amefutwa. Mimi ni fundi viatu, nakaa hapa ukutani siku nzima, najua. Nikaweka chini kiatu cha watu.

"Niaje Dakika. Nani amekufa?"

"Ni mimi," akasema, akaketi.

Jina lake ni Mugo, Baba Nyawira, anatoka Mwiki kule Ruiru. Tunamwita Dakika kwa sababu kila asubuhi anasetia saa yake na redio, na ukimuuliza saa anakupa mpaka sekunde, hata kama hukuzitaka. Kumfuta mtu huyo kwa kuchelewa ni kama kumfukuza padri ati hajui kuomba.

"Kompyuta ya getini imesema nachelewa kila siku," akasema. "Nimeambiwa nirudi kesho na sababu ya maana. Nisipokuwa nayo nisirudi kabisa. Na bibi yangu Ngina vile ako mjamzito, sasa nitamwambia nini?"

King'ora kikalia, watu wakamwagika nje. Wa kwanza kufika ni Gichuru. Kazi yake ni kushona vidole vya soksi, lakini akishika kikombe anakuwa mheshimiwa, ndio maana tunamwita Bunge. Nyuma yake akaja Sele, Profesa wetu, aliyesomea kompyuta Nairobi. Yeye ndiye alizifunga hapo kiwandani. Dakika akarudia habari yake.

"Pole sana," Bunge akasema, "lakini mashini haina shemeji, haina kabila na haili hongo. Ikisema umechelewa, umechelewa."

"Bunge, wewe umeletwa na nani hapa?" nikamuuliza. Mimi watu wa kutetea kisu kikiwa shingoni mwa mwenzao wananiudhi.

"Wacha niwaeleze kisomi," Sele akasema. Alikuwa amevaa tai, na siku za tai huwezi kumzuia. "Si mashini moja, ni netiwaki. Kila kompyuta inauliza ile kubwa ya ofisini, saa hii ni saa ngapi? Jibu likifika, inapiga hesabu ya ule muda jibu limekaa njiani kwa waya, halafu inajirekebisha pole pole. Hazitofautiani hata kwa kupepesa jicho. Hiyo ni kazi safi, hata ng'ambo wangenipigia makofi."

"Na hiyo kubwa inauliza nani?" Mwanarusi akauliza huku anamimina.

"Kubwa haiulizi, mama. Kubwa inajibu."

"Hapo nimeelewa," Bunge akasema. "Ni kama chama. Mwenyekiti akisema kuna jua, matawi yote yanaanika nguo."

Mwanarusi hakucheka. "Nauliza siku ile ya kwanza, Sele. Ile kubwa iliambiwa saa na nani?"

Sele akaanza kupuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Mpango ulikuwa iwe inapiga simu huko mbali, iulize saa ya ukweli. Meneja akasema laini ya simu ni yake peke yake. Akavua saa yake ya dhahabu, akaniwekea mezani. Nikasetia na hiyo."

Mwanarusi akaweka birika chini, akashika kiuno. "Ngai. Hiyo saa iko mbele. Si mimi ndiye napeleka chai huko ofisini? Mkewe, Mama Emmah, aliisukuma robo saa ndio wakuwe wakifika kanisani kabla sadaka haijapita. Aliniambia mwenyewe akicheka. Mzee hajui mpaka wa leo."

"Haiwezekani," Sele akasema. "Kompyuta zote zinakubaliana."

"Zinakubaliana na Mama Emmah," Dakika akasema.

Bunge akakuna kichwa. "Sasa mbona sisi hatuchelewi?"

"Kwa sababu nyinyi mnakaa hapa Kiandutu. Mnatembea kwa king'ora, na king'ora kinafuata hiyo hiyo kompyuta. Mimi nikiwa Mwiki sikisikii. Mimi nafuata Kenya."

"Maneno mengi ya nini?" nikasema. "Redio iko hapa. Iamue."

King'ora cha kurudi kazini, cha saa saba, kikalia. Watu wengine wakainuka wakikung'uta nguo. Sisi tukabaki tumekodolea macho kile kiredio cha Mwanarusi. Kilikuwa bado kwa kipindi cha salamu. Mtu wa Makongeni akamsalimia shangazi yake, ukaja wimbo, likaja tangazo la sabuni, ukaja wimbo mwingine mzima. Ndipo zikalia zile pip, pip, pip, na msomaji akasema ni saa saba kamili. Dakika akainua mkono, saa yake ikasoma vilevile. Macho yake yalikuwa na machozi, na mimi nikafurahi mpaka nikasahau kuwa namdai pesa ya misumari ya viatu vyake.

"Profesa, enda ukamwambie," Mwanarusi akasema.

"Nimwambie saa yake inadanganya? Na ni bibi yake aliisetia? Mama, nitafutwa mimi."

"Sele," Dakika akasema polepole, "mtoto wangu atakula netiwaki?"

Sele akafungua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda. Bunge akamfuata mbio. "Twendeni, tumechelewa robo saa ambayo haiko."

Jioni king'ora kilikawia. Tulikingoja mpaka Mwanarusi akapasha chai mara ya pili. Kilipolia hatimaye, watu walitoka wakinung'unika, na Sele katikati yao akiwa na uso wa mtu aliyetoka kwa daktari wa meno.

"Dakika, urudi kesho," akasema. "Mkubwa amekubali saa yake iko mbele. Amecheka hata."

Tukampiga Dakika mgongo mpaka akakohoa. Bunge akasema yeye tangu mwanzo alijua haki itashinda.

"Kwa hivyo ameirudisha nyuma?" nikauliza.

"Hapana. Anasema kitu Mama Emmah amesetia hakiguswi." Sele akaangalia viatu vyake. "Ameniagiza niweke hivi. Asubuhi kompyuta zifuate saa yake. Jioni zifuate redio."

Bunge alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Yaani tumeongezewa kazi robo saa?"

Wote wakamgeukia Dakika. Naye akashika kikombe kwa mikono miwili. "Lakini si afadhali nimerudishwa, wazee?"

Mwanarusi akamnyang'anya kikombe kikiwa nusu. "Shika njia ya Ruiru, Baba Nyawira. Kwa saa ya mkubwa, kesho umeshachelewa."