Vita vya Kwamena Otu na Mlango Uliokuwa Ndani ya Kibao

Sogezeni viti, enyi wa Saltpond, mnaosikia vizuri na mnaosikia mnachotaka. Mwenye donge la kenkey mkononi na alile, ila asitafune kwa kishindo, kwa maana nasimulia vita vya Ijumaa, vilivyopiganwa barazani kwetu, kwa kidole kimoja, dhidi ya adui asiye na mwili.

Shujaa ni kaka yangu Kwamena Otu, Simba wa Maneno, Mshika Fimbo, msemaji wa ukoo kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye hajapata kuomba chumvi mezani bila kwanza kuwashukuru walioivuna. Kesho yake, Jumamosi, ukoo ulikuwa uende kubisha hodi kwa wakwe, kumwombea mjukuu wetu Ato mke. Lakini binamu yetu Ekua Bentsiwa, bibi yake Ato, ulimi wake wembe, alikuwa amechoka.

“Mara ya mwisho ulisema mpaka wakwe wakasinzia, kaka,” alinena. “Kesho atasema yule kijana wetu Fiifi. Yeye ana maneno machache, na ana saa.”

Fimbo ya mababu, apewe Fiifi! Hata mbuzi waliacha kucheua.

“Nipe jaribio,” akanguruma Kwamena.

Ndipo Ekua akatoa mkobani silaha aliyoiazima maktaba: kibao cha elektroniki cha kusomea vitabu, chembamba kama kipande cha mkate, uso wake wa kijivu kama jivu la jikoni. Ndani yake walimu wa mjini wametia hadithi ya Kifante isiyosogea mpaka uiandikie unataka kufanya nini. Unaandika, ukurasa unapepesa mweusi kama jicho la kuku, kisha unakujibu. Ekua na wenzake wa kanisani walikuwa wamekwama humo wiki nzima, mbele ya mlango ambao kizingitini pake ameketi mzee.

“Ufungue kabla maktaba haijafungwa saa kumi, na kesho fimbo ni yako. Ukishindwa, ni ya Fiifi.”

Naam! Kwamena alilitupa vazi lake begani kama aendaye mbele ya mfalme. Mkono wa kushoto akaukalia, maana mzee hasemeshwi kwa kushoto, hata mzee wa kwenye kibao. Kisha, herufi baada ya herufi, akaandika: “Nana mheshimiwa, sisi tuliosimama mbele yako hatukuja kwa shari, bali miguu yetu imeletwa na jambo jema, ambalo kabla ya kulitaja…” Dakika ishirini na tano! Kibao kikapepesa, kikajibu:

“Sijaelewa. Tumia maneno mawili.”

“Mawili!” akalia shujaa. “Huyu kalelewa na nani?”

“Na mtu mwenye kazi nyingine za kufanya,” akasema Ekua.

Mimi nami nikaingia vitani. “Andika vunja mlango.” Akaandika. Kibao: “Mlango ni mgumu kuliko wewe.”

“Sukuma mzee,” akasema Ekua.

“Kidole changu hakiandiki matusi.”

Ekua akanyakua kibao, akaandika mwenyewe. Kibao: “Mzee hasogei. Anakutazama kwa huruma.”

Tukadai ufunguo, hatukupewa. Tukapanda ukuta, tukaanguka. Saa tisa na nusu ikapita, na Simba wa Maneno akainama, akaniambia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tumzike mama: “Dada, wakininyang'anya fimbo, asubuhi nitaamka nimsemee nani?”

Na mimi, ambaye mzaha haunikosi hata msibani, nikamsogezea kibao.

Akayasoma tena majibu yake, moja moja. Kisha akainua kichwa taratibu.

“Ekua. Ninyi mlioingia humu wiki nzima, mmevunja, mmesukuma, mmedai. Yupo aliyemwamkia?”

Ekua akajifanya anafunga kilemba.

Shujaa akanyoosha kidole cha kulia, kile kile kilichowahi kunyamazisha baraza, akaandika: *Salimia mzee.*

Ukurasa ukapepesa. “Mzee anainuka, anatabasamu. ‘Kumbe wewe una kwenu,’ anasema, na kukupisha. Mlango haukuwa umefungwa.”

Ekua alisoma mara mbili, midomo ikicheza. “Haya, kaka. Kesho utasema wewe. Lakini Fiifi atakaa kando yako na saa yake.”

Kwamena akasimama kumshukuru, akaanza na mababu wa upande wa baba, mmoja mmoja. Ekua akakwapua kibao, akakimbilia maktaba, kanga zikipepea.

Basi na ijulikane toka pwani hadi msituni, na vizazi viimbe, kwamba siku ya Ijumaa, saa kumi kasoro dakika sita, Kwamena Otu alisema maneno mawili, mawili tu, na akaeleweka. Najua wajukuu hawatasadiki. Ndiyo maana nimewataja mashahidi.