Ombi la Kurudishiwa Weupe wa Chungwa

Kwa Nana Esi Tekyiwa,
Malkia wa Wauza Machungwa,
Soko la Kwansakrom.

Nana, pokea heshima zangu, na pole na kelele za soko.

Mimi ni Kobina Essilfie, mwalimu mstaafu. Miguu yangu imevimba, mishipa imetuna kama mizizi. Jumamosi tunamzika mama mkwe, na mimi mkwe lazima nicheze adowa, ngoma yetu ya mazishi, mbele ya ukoo mzima. Nisipocheza, shemeji zangu watasema nimefurahi mama yao kufa. Ndiyo maana nalalamika:

1. Muuguzi amesema redioni kwamba ule weupe wa chungwa una viini vinavyosaidia mishipa ya damu. Watu wako wanamenya ganda la juu, wanakata kichwa, sisi tunafyonza maji, weupe wote jaani. Tunatupa miguu yetu, Nana!

2. Nilimwomba Efua Baaba, yule wa karibu na mashine ya kusaga mahindi, aniuzie weupe mtupu. Akapaza sauti: "Mwalimu, jamani, njaa imefika huko? Si ukatafune godoro!" Tangu hapo watoto wananiita Mzee Godoro.

3. Wanaofaidi ni mbuzi wa soko. Waangalie miguu! Jana mmoja karuka ukuta wa kanisa. Chungwa nimenunua mimi, anayecheza adowa ni mbuzi.

Kwa hiyo naomba kufyonza kupigwe marufuku. Kila mteja atafune chungwa zima mbele ya muuzaji, ameze, aachame akaguliwe. Na mbuzi wafungwe hadi mazishi yaishe.

Nisalimie kina mama wote wa sokoni, hata Efua Baaba, ingawa hastahili.

Wako mwenye maumivu,
Mwl. Kobina Essilfie

Tanbihi: Nana, nikiwa njiani kuleta barua hii nilipitia zahanati. Muuguzi wa pale akanivua soksi, akakuta vipande vya tyubu ya baiskeli ninavyofungia soksi zisishuke, maana mwalimu hashushi soksi. "Ala! Mzee, unajinyonga miguu halafu unasingizia machungwa?" Akavikata kwa mkasi. Uvimbe umeanza kupungua. Weupe nao nimeuonja: mchungu, ptuu! Nimempa mbuzi. Tafadhali Efua Baaba aniwekee machungwa ya kufyonza. Jumamosi nacheza, soksi zikishuka na zishuke.